Gari la zamani likigongwa na dereva akakimbia: ushahidi, bima na gereji

Tanzania tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo gari lililoegeshwa kando ya barabara huacha ubavu wa dereva ukitazama magari yanayopita. Ndiyo maana linapogongwa na mtu akakimbia, mara nyingi zinazoumia ni kioo cha pembeni cha kulia, fenda, mlango wa dereva na gurudumu la mbele. Gari jipya lenye bima kubwa lina njia fupi. Gari la zamani linalopendwa lina vita mbili: kuithibitishia kampuni ya bima thamani yake, na kulinda bodi yake ya kiwandani isikatwekatwe ovyo gereji.

Mfano wetu ni Toyota Mark II GX100, ile ya 1996 hadi 2000 yenye injini ya 1G-FE ya silinda sita. Bado zipo nyingi barabarani, na wanaozitunza hawako tayari kuziuza kwa bei ya chuma chakavu. Utaratibu wenyewe unafaa gari lolote la umri huo.

Saa ya kwanza

Usilisogeze gari kabla ya kupiga picha, isipokuwa linaziba njia. Piga picha za mbali zinazoonyesha gari, barabara na alama ya mahali kama nguzo ya umeme au bango la duka. Kisha piga za karibu za kila mkwaruzo ukiwa umeweka futi pembeni yake ili urefu kutoka ardhini usomeke. Urefu huo una maana kubwa. Mkwaruzo wa sentimeta 45 hadi 55 kutoka chini mara nyingi ni bampa ya gari dogo. Pigo lililoanzia usawa wa dirisha kwa kawaida limetoka kwenye lori au basi, na mchubuko mwembamba wenye alama ya mpira huenda ni wa bodaboda au bajaji.

Okota kila kipande kilichodondoka, hata kidogo, ukiweke kwenye mfuko safi. Vipande vya taa vina thamani kuliko watu wengi wanavyodhani, maana taa za magari ya Japani huwa na jina la mtengenezaji, kama Koito au Stanley, na namba iliyochapwa kwenye plastiki. Muuza spea mzoefu wa Gerezani au Kariakoo akiiona namba hiyo anaweza kukuambia ni taa ya gari gani. Rangi ya mgeni iliyobaki kwenye mlango wako usiisugue; ipige picha juani na uiache hadi mkaguzi wa polisi na mthamini wa bima waione.

Mashahidi waulize palepale. Usiwaulize tu kama walisikia kishindo. Waulize rangi ya bati la namba. Bati la njano ni gari binafsi, jeupe ni la biashara, na pikipiki na bajaji namba zao huanza na MC. Shahidi aliyekumbuka herufi mbili za mwisho na rangi ya bati ameshapunguza sana idadi ya magari ya kutafutwa. Andika jina lake na namba yake ya simu akikubali.

Kamera ndizo zinazopotea haraka. Mashine nyingi za kurekodi madukani, kwenye vituo vya mafuta na majumbani hufuta picha za zamani zikijaa, na nyingine hujaa ndani ya siku chache. Nenda siku hiyohiyo, taja saa unayoihitaji, na mwombe mwenyewe aihifadhi hata kama hataki kukupa wewe nakala. Polisi wakija kuiomba baadaye wataikuta.

Polisi

Fungua RB, yaani taarifa yenye namba kwenye kitabu cha polisi, kituo cha karibu na mahali tukio lilipotokea, si kituo cha karibu na nyumbani. Faili likifunguliwa eneo lisilo lake litahamishwa, na wiki zinaweza kupita hivyohivyo. Toa maelezo mafupi: saa uliyoegesha, saa uliyokuta uharibifu, nani alikuwa na ufunguo. Kama hukumwona aliyegonga, sema hukumwona. Wako wanaoshauriwa kubuni namba ya gari au kudai walikuwa wanaendesha ili dai lipite. Maelezo ya polisi yakitofautiana na fomu ya bima, hiyo pekee inatosha dai kukataliwa.

Kutoka polisi utahitaji vitu vitatu: ripoti ya ajali, mchoro wa eneo, na ripoti ya mkaguzi wa magari. Mkaguzi lazima alione gari kabla halijaguswa na fundi. PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, haikuhusu isipokuwa kama kuna mtu aliyeumia.

Kama umepata namba kamili ya gari lililogonga, iingize kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima uone kama lina bima hai na ni ya kampuni gani. Hifadhi picha ya ukurasa huo ikiwa na tarehe, uipeleke kwa mpelelezi. Usimfuate mhusika nyumbani kwake peke yako.

Akipatikana na akataka kumaliza kwa fedha taslimu, tulia. Ukishaandika kuwa humdai tena, umeiondolea kampuni yako ya bima haki ya kumdai, na kampuni inaweza kukataa kukulipa wewe. Iarifu kwanza.

Bima: hapa ndipo gari la zamani linapoonewa

Anza na jina. Magari mengi ya umri huu yamepita mikononi mwa watu watatu au wanne, na kadi bado inasoma jina la mtu wa zamani. Ukikata bima kwa jina lako na kadi ni ya mwingine, utaulizwa una maslahi gani kwenye gari hilo. Mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili unaweza kukusaidia, lakini dawa ni kubadilisha umiliki TRA kabla ya balaa.

Iarifu kampuni au wakala siku hiyo au kesho yake, kwa maandishi, hata kama umeshapiga simu. Ujumbe wa barua pepe wenye namba ya RB na picha tatu unatosha kuanzia. Fomu ya madai, nakala ya leseni, kadi ya gari, stika na nyaraka za polisi zitafuata.

Sasa thamani. Bima hailipi mapenzi. Inalipa bei ya soko ya gari siku lilipogongwa, na haizidi kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Wenye magari ya zamani hupunguza kiasi hicho ili ada ishuke, bila kujua kipengele cha wastani kinafanya nini. Tuseme GX100 yako sokoni ni milioni 9, ukaandikisha milioni 6, na matengenezo ni milioni 1.8. Kampuni itasema umeweka bima theluthi mbili tu ya gari, kwa hiyo italipa theluthi mbili ya matengenezo: milioni 1.2. Ikiondoa mchango wako wa lazima, tuseme asilimia 10, unabaki na 1,080,000, na wewe unatoa mfukoni 720,000. Ulichookoa kwenye ada ya asilimia 3.5 ni 105,000, na pamoja na VAT ni 123,900. Hesabu hiyo pekee inatosha kukufanya uandikishe thamani halisi mwaka unaofuata.

Kuithibitisha thamani halisi ni kazi yako. Kusanya picha za gari kabla ya ajali, ndani na nje, injini na chini. Risiti za matengenezo ya miaka miwili au mitatu. Na matangazo ya kuuza matano au sita ya gari la aina hiyohiyo, mwaka uleule, hali inayofanana, yakionyesha tarehe. Usichague tangazo la bei ya juu kuliko yote. Mthamini anajua soko, na akiona umechagua kwa haki atayapa uzito. Kama ulifanyiwa uthamini ulipokata bima, ripoti hiyo ndiyo silaha yako kubwa, kwa hiyo ukikata upya bima usikubali kupitishwa bila gari kukaguliwa.

Mthamini hafai kuliona gari likiwa limefungwa. Omba fenda na ubao wa ndani wa mlango vifunguliwe mbele yake. Uharibifu uliojificha ukigunduliwa baada ya bei kukubaliwa, gereji lazima isimame, ipige picha, na kuomba nyongeza kabla ya kuendelea. Fundi akiendelea kwa wema, gharama hiyo inabaki kwako.

Kisha soma makadirio ya gereji mstari kwa mstari. Profoma isomeke kitu kimoja kimoja: fenda, mlango, kioo cha pembeni, rimu, alaimenti (kupima na kupanga mkao wa magurudumu), rangi ya paneli ngapi, gharama ya ufundi. Profoma inayosema tu "kunyoosha na rangi upande wa kulia" itakatwa nusu, na huna cha kubishania. Ukipeleka za gereji mbili au tatu, hakikisha zinaorodhesha kazi ileile. Kampuni nyingi zitadai risiti za EFD, kwa hiyo spea za mtaani zisizo na risiti zipange mapema.

Kuna makato ya uchakavu pia. Ukidai fenda mpya kwenye gari la miaka 27, kampuni inaweza kukata sehemu ya bei kwa hoja kwamba umepata kitu bora kuliko ulichokuwa nacho. Dai fenda ya mtumba ya Japani iliyo safi, na hoja hiyo inakosa msingi. Kwa gari la aina hii fenda ya mtumba ya kiwandani mara nyingi hukaa vizuri kuliko mpya ya kuiga, ambayo chuma chake ni chepesi na matundu ya bolti hayalingani.

Jambo la hatari kuliko yote ni kampuni kutangaza gari ni hasara kamili. Kwa gari la bei ndogo, matengenezo ya kawaida tu yanaweza kukaribia thamani yake. Usiseme ndiyo siku hiyo. Uliza kwa maandishi: thamani waliyotumia, gharama ya matengenezo waliyotumia, na bei ya mabaki endapo utalibakisha gari. Mara nyingi hesabu inabadilika ukileta profoma yenye spea za mtumba. Na ikibaki palepale, linganisha fidia ukitoa bei ya mabaki na gharama halisi ya kulitengeneza. Wengi wameachia gari zima kwa sababu hawakuuliza swali hilo la tatu.

Hati ya kukubali fidia husema malipo ni kamili na ya mwisho. Isaini gari likiwa limeshafunguliwa na kupimwa, si kabla. Ukipewa fedha taslimu badala ya gereji kulipwa, unapata uhuru wa kuchagua fundi, lakini uharibifu utakaojitokeza baadaye ni wako, na VAT huenda isihesabiwe. Ukidhulumika, andika malalamiko kwa kampuni kwanza, tunza nakala iliyogongwa muhuri, na ukikosa jibu la kueleweka peleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Vipimo kabla ya nyundo

Pigo la gurudumu la mbele hutembea. Pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia na kushoto, usukani ukiwa umenyooka. Kwa GX100 ni milimita 2,730. Upande mmoja ukipungua kwa zaidi ya milimita 5 au 6, kuna kitu kimerudi nyuma: wishboni (mkono wa chuma unaoshika gurudumu), au mahali inaposhikwa. Chini ya boneti pima mshazari kutoka bolti ya fenda ya kulia nyuma hadi ya kushoto mbele, kisha kinyume chake. Vipimo viwili visipolingana, bodi imevutwa, na kazi hiyo inahitaji benchi ya kuvuta chasi, si mnyororo na mti.

Fanya alaimenti kabla ya matengenezo na uchukue karatasi ya vipimo. Karatasi hiyo ni ushahidi kwa mthamini. Kemba, yaani mwinamo wa gurudumu, ya kulia na kushoto ikitofautiana kwa zaidi ya digrii 0.75, tafuta kilichopinda. Tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) au wishboni iliyopinda hubadilishwa. Fundi anayetaka kuipasha moto na kuinyoosha anadhoofisha chuma kinachoshika gurudumu, na hilo halina mjadala. Rimu izungushwe kwenye mashine, na tairi lenye uvimbe ubavuni litupwe hata kama kashata zake bado nzuri.

Spea: Mark II si Chaser

Mark II, Chaser na Cresta za GX100 zinatumia injini na sehemu nyingi za chini zilezile, na wauzaji hupenda kusema "zote moja". Bodi si moja. Fenda, taa, boneti na milango hutofautiana. Hata ndani ya Mark II yenyewe, taa na bampa za kabla ya maboresho ya 1998 na za baada yake hazifanani. Nenda dukani na namba ya chasi, inayoanza GX100- ikifuatiwa na tarakimu, pamoja na kile kilichovunjika mkononi. Kwenye spea ya mtumba pitisha sumaku: mahali inapolegea pana puti, ile lipu ya kusawazisha bodi.

Kabla ya kubadilisha chochote, jiulize kama cha kwako hakiwezi kuokolewa. Fenda ya mbele imefungwa kwa bolti, kuibadilisha hakuumizi gari. Ubavu wa nyuma umechomelewa kiwandani; ukikatwa, kutu itaanzia kwenye mshono. Ubavu wa nyuma unyooshwe hata kama ufundi ni ghali. Mlango una chuma ndani cha kuzuia pigo la ubavuni: kikiwa kimepinda, mlango mzima ubadilishwe.

Milango ya Mark II na Chaser hii haina fremu juu ya kioo. Mlango ukikaa milimita chache tu nje ya mahali pake, kioo hakikandamizi mpira na utasikia upepo ukifika kilomita 80 kwa saa, kisha mvua ya masika itaingia. Mpangilio ufanywe kabla ya rangi: pengo kati ya mlango na fenda liwe sawa juu hadi chini, kama milimita 4, kisha kioo kirekebishwe. Bana karatasi kati ya kioo na mpira, funga mlango, ivute. Ikitoka bila ukinzani, hapo maji yatapita.

Kunyoosha na rangi

Kabla ya kuchomelea, betri iondolewe nyaya zote mbili. Kama gari lina mifuko ya hewa, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa nyaya zake.

Puti ni ya kusawazisha, si ya kujaza shimo. Ikizidi milimita 3 itapasuka. Hadena ya puti, yaani dawa ya kuigandisha, ni karibu asilimia 2 kwa uzito. Fundi akiizidisha ili ikauke haraka, rangi ya juu itatoa madoa baada ya wiki chache. Msasa huenda namba 80, 180, 320; baada ya praima ni 600 au 800. Kuruka kutoka 80 hadi 320 huacha mistari inayoonekana jua likipiga.

Dar es Salaam, Tanga na pwani yote, chuma kitupu kisilale usiku kucha. Hewa ya chumvi na unyevu huanzisha kutu usiyoiona kwa jicho. Praima ya epoksi ipigwe siku ileile. Ndani ya mlango na mikunjo ipuliziwe nta ya kuzuia kutu baada ya rangi kukauka, na matundu ya kutolea maji chini ya mlango yaachwe wazi. Mafundi wengi huyaziba kwa puti bila kukusudia.

Namba ya rangi iko kwenye kibati chini ya boneti. Nyeusi ya Toyota ni 202, nyeupe ya kawaida 040. Kama yako ni 051, ile nyeupe ya lulu, iandike kwenye profoma kuwa ni rangi ya hatua tatu: besi (rangi yenyewe), lulu, klia (tabaka angavu la juu). Mthamini akiihesabu kama nyeupe ya kawaida, fundi atapunguza tabaka ili asipate hasara, na mlango utaonekana wa gari lingine. Hata hivyo namba pekee haitoshi kwa rangi iliyokaa juani robo karne. Ng'arisha kifuniko cha tundu la mafuta, kifungue, ukipeleke dukani wachanganye kwa kukifuata. Jaribio lipulizwe kwenye kipande cha bati na kukaguliwa nje, juani na kivulini.

Lita moja ya besi kwa kawaida inatosha fenda na mlango, ikibaki ya kufifisha kuelekea mlango wa nyuma. Besi isikatizwe kwenye ukingo wa mlango wa mbele; ififishwe hadi katikati ya paneli jirani, na klia ifunike paneli nzima. Klia nyingi za 2K huchanganywa mbili kwa moja na hadena, ila fuata kopo. Siku ya unyevu mkubwa, tina (kimiminika cha kuzimua rangi) ya kukauka haraka huleta ukungu mweupe kwenye rangi. Tumia ya polepole, au subiri kesho.

Fundi alipwe kwa hatua, kwa maandishi: sehemu ya spea, sehemu baada ya kunyoosha ukiwa umeona chuma kabla ya praima, na salio baada ya kukagua. Usimalize malipo kwenye taa za gereji usiku. Kagua mchana. Pitisha sumaku, funga na fungua kila mlango, mwagia maji kwenye kioo kwa dakika tatu, angalia taa ya mifuko ya hewa ikizima sekunde chache baada ya kuwasha swichi, na fanya alaimenti ya pili. Nta isipakwe kwa siku 30.

Ukiwa na bima ndogo tu

Bima ya mtu wa tatu hailipi gari lako. Inamlipa uliyemgonga wewe. Njia ya fidia ni mhusika apatikane, alipe yeye au bima yake ibebe, kwa hiyo vipande vya taa, kamera na rangi ya bati la namba ndiyo matumaini yako yote. Wakati polisi wakiendelea, tengeneza kwa mpangilio huu: usukani na gurudumu kwanza, kisha taa na kioo cha pembeni, halafu mpangilio wa mlango maji yasiingie, kisha praima ya epoksi juu ya kila palipochubuka. Rangi inaweza kusubiri kwa muda bodi ikiwa imefunikwa na praima. Vipande ulivyookota na spea zilizovunjika usivitupe hadi faili la polisi lifungwe.